Shamba likichoka: namna ya kulilaza hadi udongo urudi

Shamba la kichanga la Newala au Tandahimba likilimwa mihogo na mahindi miaka mingi bila kupumzika, dalili zake zinajulikana: mihogo inakuwa myembamba na kiduha, gugu linalofyonza mizizi ya mazao, kinaota kwenye mahindi. Wengi hapo huhamia pori jingine. Kabla hujahama, fikiria kulilaza shamba, yaani kuliacha lipumzike. Anza kwa kuchimba shimo.

Kina kiwe sentimita 40, na ukate ukuta mmoja wima kwa jembe. Juu utaona tabaka la weusi lenye vijizizi vingi, chini yake mchanga wa rangi ya kutu. Pima lile jeusi kwa rula na uandike kipimo, maana utakirudia. Likifika sentimita 10, shamba lina akiba. Likibaki unene wa kidole, usilime nafaka hapo msimu ujao. Weusi ule ni mboji, na kwenye mchanga mboji ndiyo inayoshika maji na chakula cha mmea. Bila hiyo, mvua ya Januari inapita na mbolea yako moja kwa moja hadi chini, mizizi isikofika.

Ili ujue una nini mkononi, tazama ufukwe wa Msimbati, pwani ya Mtwara. Pale ardhi inaanza bila udongo: mchanga mtupu, chumvi na upepo. Wa kwanza kuota ni mlakasa, mmea utambaao wa pwani. Unatambaa na kuushika mchanga, majani yake yanaoza, vichaka vinapata pa kusimama, navyo vinatengeneza kivuli cha miti. Safari hiyo ni ndefu mno. Shamba la bara likilazwa haliianzi huko, kwa sababu lina mboji iliyobaki, mbegu zilizolala na visiki ambavyo mizizi yake ingali hai. Mwaka wa kwanza unapata kongwa na magugu mengine ya muda mfupi, kisha nyasi ndefu, kisha vichaka na machipukizi ya miti. Miti ikikutanisha majani, nyasi hukosa jua na kupungua zenyewe. Udongo ukichukuliwa na maji hadi kwenye korongo, umerudishwa Msimbati, kuanza upya kwenye mchanga mtupu.

Kazi ya kwanza ni kuzuia moto. Shamba likiungua kila mwaka halivuki hatua ya nyasi, kwa kuwa nyasi huchipua tena wakati miche ya miti imekufa. Majivu hunenepesha mazao msimu mmoja tu, ilhali naitrojeni, chakula kikuu cha mmea, imeshapanda na moshi. Mvua zikiisha, kabla nyasi hazijakauka kabisa, palilia njia ya moto yenye upana wa mita 3 hadi 5 kuzunguka shamba lote. Nyasi ulizotoa zitupe upande wa ndani, mbali na ukingo.

Pili, visiki. Usiving'oe, hata kama aliyekuja na trekta anasisitiza. Kiangazi, chagua kisiki kimoja kila baada ya hatua 10 hivi, bakiza machipukizi 2 au 3 yaliyonyooka, mengine ukate. Punguza matawi ya theluthi ya chini tu. Ukikwangua hadi juu, chipukizi huinama na kuvunjika kwa upepo. Mche wa kupanda huanza na mzizi wa kidole, kisiki kina mzizi uliokwisha fika mbali. Ndiyo maana kinashinda.

Tatu, mbaazi. Mvua za Desemba zikishika, panda mistari ya mita moja hadi moja na nusu, shimo hadi shimo nusu mita, mbegu 2 au 3. Mizizi yake inaongeza naitrojeni, na majani yake yanaanguka yenyewe. Ukishavuna, kata shina usawa wa ardhi. Kung'oa ni kuondoka na ulichokipanda kwa ajili ya udongo.

Chini ya mikorosho pana makosa ya peke yake. Watu hufagia ili waone korosho zikianguka, na hilo halina ubaya. Ubaya ni kuchoma kile kilichofagiwa. Chimba mtaro wa kina cha sentimita 30 usawa wa ncha za matawi, jaza majani humo, funika kwa udongo kidogo. Tena salfa ya kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ikimwagika chini miaka na miaka, inaongeza tindikali, na kichanga hakina nguvu ya kuipunguza. Usikisie chokaa ya kupunguza tindikali hiyo: peleka udongo ukapimwe kwanza. Kwa kuuliza, anzia kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara.

Usihesabu miaka ili kujua lini urudi kulima. Chimba shimo jingine hatua moja kutoka lile la kwanza, weka rula, linganisha. Weusi ukiwa umeongezeka na vijizizi vimejaa, fyeka vichaka uvilaze juu ya ardhi kama matandazo ya sentimita 5 hadi 10, kisha panda katikati ya machipukizi uliyoyaacha. Mchwa watakuja kula matandazo. Waache wafanye kazi, ila yasiguse shina la mche mchanga.