Kwaya ya shule: saa moja ya mazoezi bila mwanafunzi kukaa bure

Walimu wenzangu, salaam. Kwaya yangu ni ya sekondari ya kutwa. Tunafanya mazoezi saa 9:30 hadi 10:30 alasiri, watoto wakiwa wameshinda darasani tangu asubuhi na wengine wakiwa na mwendo mrefu wa miguu kurudi nyumbani. Hiyo saa moja haiuliwi na ugumu wa wimbo, inauliwa na kusubiri. Mwaka wangu wa kwanza niliwafundisha besi, wale wa sauti ya chini, mstari mmoja karibu nusu saa, soprano, wale wa sauti ya juu, wamekaa tu. Niliporudi kwao walikuwa wameshasahau walichokijua, na wiki iliyofuata wasichana wawili hawakuja. Sikuwalaumu. Tangu hapo kila ninachopanga nakipima kwa swali moja: wakati huu nani hana kazi?

Hatua ya 1: Uujue wimbo kabla yao

Imba sauti zote nne (kutoka ya juu hadi ya chini: soprano, alto, tena, besi) peke yako nyumbani, ukianza na zile usizozizoea. Utakapojikwaa wewe, na wao watajikwaa hapohapo. Weka alama ya penseli. Sehemu hizo mbili au tatu ndizo mazoezi ya leo, na solfa zake (do, re, mi...) ziwe ubaoni kabla hawajaingia.

Hatua ya 2: Wapange

Nusu duara, waimbaji wa tena na besi katikati nyuma. Anayeshika sauti upesi akae nyuma ya anayesuasua, ili sauti sahihi imwingie sikioni.

Hatua ya 3: Pasha sauti, dakika 8

Wasimame, watikise mabega. Wavute pumzi kwa hesabu 4, mbavu zitanuke bila mabega kupanda, kisha waitoe kwa "sss" hesabu 8, halafu 12, halafu 16. Baada ya hapo wafunge midomo, "mmm", do re mi fa so fa mi re do, mkipanda nusu toni (hatua ndogo kabisa ya sauti) kila mzunguko. Shingo zikianza kukaza, shukeni.

Kisha tunaimba ubeti mmoja wa wimbo wa taifa wa Tanzania, "Mungu Ibariki Afrika", kwa sauti nne. Maneno wanayo tayari, kwa hiyo hakuna wa kungoja. Mstarini asubuhi kila mtu huanzia anapopajua. Hapa nawapa do, tunaanza pamoja, tunasikilizana. Huwa nawaambia pia kwamba muziki huu ni kazi ya mwalimu kama sisi: Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg na kiongozi wa kwaya, aliutunga mwaka 1897 na kuuandika kwa solfa. Wanaimba tofauti wakishajua hilo.

Hatua ya 4: Nenda moja kwa moja penye ugumu

Usianze mwanzo wa wimbo. Chukua kipande kifupi, mapigo 16 hivi, pale ulipoweka alama. Tuseme besi wanatoka so, wanaruka hadi ti ya chini, wanatua do. Wafundishe besi, lakini soprano washike do kwa "mmm", na alto na tena wapige mapigo kwa vidole viwili kiganjani huku wakinong'ona maneno ya kipande hichohicho. Besi wakifika kwenye ti, masikio yatakwaruzika kidogo dhidi ya ile do ya soprano. Wakitua do, mkwaruzo unaisha. Besi wanasikia wenyewe kwamba wamefika, na wewe hujasema neno.

Dakika tatu zinatosha, nne zikizidi sana. Hata kama hawajakamilika, unganisha besi na soprano hapohapo, kisha ingiza kundi la tena, kisha alto. Sauti huwa imara ikisimama pamoja na nyingine kuliko ikikaririwa peke yake.

Imbeni solfa kwanza, halafu silabi tupu "nu", maneno mwisho, kwa sababu maneno hufunika makosa. Na yakija maneno, linda vokali. Chukua "Mungu": silabi ni Mu-ngu, ila wengi huifunga noti mapema wakaimba "Mung-u", na noti ndefu inakwama puani. Ikae kwenye u mpaka pigo la mwisho.

Hatua ya 5: Nyamaza usikilize

Ukiimba nao huwasikii. Ukisimamisha, taja nani, wapi na nini: "Alto, kwenye 'amani', mi yenu iko chini, ipandisheni." Ukisema "rudieni" bila sababu, watalikariri kosa.

Hatua ya 6: Fungeni kwa wimbo wanaoujua

Dakika tano za mwisho, mwanzo hadi mwisho, bila kusimamishwa. Saa 10:30 waende, hata kama kipande hakijakaa.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Kijana wangu wa kidato cha pili alikuwa alto mzuri, sasa sauti inakatikakatika. Nimpumzishe?

Marahaba. Usimpumzishe, anabalehe tu. Nyuzi za sauti zinarefuka, na kwa miezi kadhaa sauti itashuka karibu oktava nzima (do hadi do ya chini yake). Mtafutie noti tano au sita anazoimba bila kukaza, umwandikie mstari ndani ya hizo, hata ukichanganya sehemu za tena na za besi. Mpime upya kila mwanzo wa muhula. Akisikia maumivu, hapo aende zahanati.

Ndugu mwalimu, tukiimba bila kinanda tunamaliza chini ya tulipoanzia. Shida nini?

Mara nyingi ni pumzi na uchovu. Angalia noti zinazojirudia na mistari inayoshuka: kila noti inateleza kidogo. Waambie noti ya pili waiwaze juu kuliko ya kwanza. Mi na ti nazo huimbwa chini sana. Wasimamishe wima, na jaribu kupandisha wimbo nusu toni; mara nyingine ndiyo dawa.

Nina wasichana 40 na wavulana 6. Nifanyeje sauti nne?

Usifanye nne. Soprano, alto, na sauti moja ya wavulana wote sita kwenye eneo la katikati. Sita wakigawanywa watatu-watatu watapiga kelele ili wasikike, na watajiumiza.

Mwalimu, kuna binti hashiki sauti kabisa, wenzake wanataka atolewe.

Asitolewe. Kaa naye dakika tano kabla ya mazoezi. Mwambie aimbe noti yoyote, kisha wewe umfuate alipo. Asikie kwanza sauti mbili zikilingana. Kutoka hapo pandeni pamoja hatua moja, rudini, pandeni mbili. Wangu mmoja tulifanya hivi muhula mzima. Sasa yuko alto, mstari wa mbele.