Shamba la kuwinda bata Marekani lenye izimenti: cheki haya kabla hujatoa hela

Ukipitia matangazo ya ardhi kule Arkansas au Mississippi utakutana na ekari kibao za kuwindia bata na kulungu, bei poa kuliko shamba la jirani, halafu chini kabisa wamechomeka herufi tatu, WRP au WRE, mipango ya serikali ya kurudisha vinamasi. Hapo tulia kwanza. Maana yake mwenye shamba wa zamani alishaiuzia serikali, kupitia NRCS, idara ya uhifadhi wa maliasili ya wizara ya kilimo, haki ya kulima na kujenga pale ili parudi kuwa kinamasi. Hela alikula yeye, wewe unanunua kilichobaki, na izimenti, yaani huo mkataba unaobana matumizi ya ardhi, inabaki na ardhi hata ikiuzwa mara kumi.

Kilichobaki sio haba lakini. Hati ni yako, kuwinda na kuvua ruksa, na mtu baki haingii bila wewe kutaka (wengi wanadhani linakuwa eneo la umma, wala). Ila kodi ya ardhi ni juu yako.

Sasa nenda kaunti uchukue kopi ya izimenti yenyewe pamoja na ramani, usiridhike na maneno ya dalali, dalali atakwambia kujenga kajumba ka kufikia hakuna noma. Noma ipo! Kibanda cha kujifichia bata huwa kinaruhusiwa, nyumba hapana, so tafuta kama kuna kipande kilichoachwa nje ya mpaka wa izimenti, hata ekari mbili karibu na barabara, kambi utaweka hapo. Na cheki muda, zipo za kudumu na zipo za miaka 30.

Ukitoka hapo pita ofisi ya NRCS ya eneo hilo. Kukata miti, kufyeka, kupanda mahindi ya kuvutia wanyama, yote yanataka kibali cha maandishi, na kibali cha mwenye zamani usidhani ndo chako. Uliza pia kama aliacha makosa yoyote, kama alichimba mtaro kimyakimya utakuja kusumbuliwa wewe.

Mwisho katembee mwenyewe. Kwenye tuta la kuzuia maji kuna boksi la chuma lenye mbao za kuchomeka, ukiongeza mbao maji yanapanda, ukitoa yanashuka. Kama mbao zimeoza au tuta limetobolewa na wanyama, maji hayakai na bata hawatui, so uliza matengenezo ni ya nani na wakujibu kwa maandishi. Nenda Desemba au Januari na buti ndefu, Agosti pamekauka hutaona kitu.