Kujichunguza maziwa mwenyewe, na lini ushike boti uende kwa daktari

Mie ni nesi hapa Amu (Lamu), na kitu kinachonitia uchungu ni mtu kuja na uvimbe ushafika ukubwa wa limau, ukimuuliza mbona hukuja mapema anakwambia "lakini nesi, si hauumi." Dadangu, uvimbe wa kansa mara nyingi mwanzo hauumi kabisa, kwa hivyo usikae ukangoja maumivu.

Hatua ya 1: siku. Ngoja hedhi ikatike, siku chache baadaye ndo ujishike, manake kabla ya hedhi ziwa hujaa likafanya mafundomafundo ukashtuka bure. Kama ushakoma hedhi, mwezi ukiandama tu, hutasahau.

Hatua ya 2: kioo. Vua juu, simama mikono chini, halafu iinue, halafu jishike kiuno ukaze kifua. Maziwa kutolingana kidogo ni maumbile, achana nayo. Wewe tafuta kipya: ngozi imebonyea, au ina vishimo kama ganda la chungwa, chuchu ilokuwa nje sasa imeingia ndani, ama ina ukurutu usopona.

Hatua ya 3: mkono. Lala chali, mkono wa upande huo chini ya kichwa, chukua vidole vitatu vya kati vya mkono wa pili, upande wa nyama si kucha, zungusha viduara vidogo, kwanza polepole kisha bonyeza zaidi, ziwa lote mpaka kwenye mtulinga na ndani ya kwapa (kwapa ndo husahauliwa sana). Uvimbe wa kutilia shaka mara nyingi ni mgumu kama kokwa ya tende na hausogei. Lakini hata wa laini wa kutelezateleza uonyeshe, vidole havipimi kansa, vyako wala vyangu.

Hatua ya 4: nenda. Ukiona lolote katika hayo, au chuchu inatoa damu, mafuta ya kuchua weka kando. Anayenyonyesha, ziwa likiwa jekundu na moto huenda ni maziwa yameganda, ukipewa dozi maliza, lisiposhuka rudi. Na waume pia hupata, mwambie mzee.

Daktari atakushika, atakutuma ultrasaundi au mamogramu, yaani picha za ndani ya ziwa, ikibidi biopsi, yaani sindano ichukue kinyama kidogo kipimwe. Wengi huambiwa si kansa. Ukitoka Faza au Kizingitini beba majibu yote ya zamani, usije ukalipa boti mara mbili, na ukitaka kuonwa na mwanamke sema pale pale dirishani unapochukua kadi, hatukasiriki.