Jinsi ya Kulithamini Gauni la Zamani Ulipendalo

Gauni la zamani, liwe limetoka katika sanduku la bibi au limechaguliwa kwenye mafungu ya mitumba ya Karume au Gikomba, litazamwe ndani kwanza. Lipindue, ulitandaze kitandani penye mwanga wa dirisha, kwa kuwa upande wa ndani ndio unaoonyesha kazi ya fundi: pindo lililoshonwa kwa mkono, kitambaa cha ziada kilichobakizwa kando ya mishono, na pengine vitundu vya sindano vinavyoonyesha kuwa liliwahi kutanuliwa kwa ajili ya mwili mwingine. Ukimpelekea fundi alipunguze, mwombe akunje na kushona tu, asikate kitambaa hicho.

Kisha tafuta umri wake. Zipu ya chuma iliyowekwa ubavuni, chini ya kwapa, mara nyingi ni dalili ya miaka ya 1940 au 1950, ilhali zipu za nailoni zilienea kuanzia miaka ya 1960. Lebo nayo husaidia: iliyoandikwa Ujerumani Magharibi ni ya kabla ya nchi hiyo kuungana mwaka 1990, na gauni la Marekani lenye maelekezo ya kufulia huwa kwa kawaida ni la mwaka 1972 au baadaye, kwani ndipo kanuni ilipoanza kuwalazimu watengenezaji kuyaweka. (Wapo wanaoing'oa lebo kwa sababu inawasha shingoni, ni hasara kubwa.) Namba ya saizi usiiamini, maana vipimo vimebadilika mno, tumia tepu.

Kabla ya kufua, lijue aina ya kitambaa. Chomoa uzi mmoja upande wa ndani, ushike kwa kibanio juu ya kisahani na uuchome: pamba hunuka karatasi na kuacha majivu laini, hariri na sufu hunuka nywele zilizoungua, na poliesta huyeyuka ikaacha kidonge kigumu. Halafu sugua pahali pasipoonekana kwa kitambaa cheupe kilicholoweshwa. Rangi ikihamia humo, usililoweke. Lisilochuja hufuliwa kwa mkono katika maji ya baridi yenye sabuni kidogo, bila kukamuliwa, na huanikwa kivulini likiwa limelazwa juu ya taulo.

Usilihifadhi likiwa na jasho, kwa maana jasho hudhoofisha hariri na huwavuta wadudu. Mfuko wa plastiki haufai, hasa katika unyevunyevu wa Tanga au Mombasa, ambako ukungu hauchelewi. Lifunge katika shuka jeupe la pamba, na kila baada ya miezi michache ulikunje upya pahali pengine ili mikunjo isikate nyuzi. Lenye shanga nyingi lisitundikwe, kwa sababu uzito wake hulivuta mabegani.

Likichanika, litiwe viraka kwa uzi mwembamba wa pamba, kwani uzi wenye nguvu kuliko kitambaa chenyewe hukichana upya siku ya kulivaa.