Lubumbashi hadi Kipushi kwa baiskeli, kuchangia utafiti wa Duchenne: namna ya kujiandaa ukiwa mzazi

Mwanangu ana Duchenne, ugonjwa wa nadra unaodhoofisha misuli. Mwongozo huu ni wa mzazi mwenzangu anayetaka kuendesha baiskeli ili kuchangisha fedha za utafiti wa ugonjwa huu. Safari isimnyime mtoto kitu kwa jina la kumsaidia. Ndiyo maana mambo ya nyumbani nimeyatanguliza na baiskeli inafuata.

Hatua ya 1: Pima moyo

Mama, hii inakuhusu wewe hasa. Duchenne inatokana na kasoro kwenye jeni (maelekezo ya urithi) la distrofini, protini inayolinda misuli; jeni hilo liko katika kromosomu X. Karibu theluthi mbili ya akina mama wa watoto hawa wanaibeba kasoro hiyo wenyewe. Kwa waliobaki, imezuka kwa mtoto tu. Mama anayeibeba anaweza kuonekana mzima kabisa huku msuli wa moyo wake ukidhoofika polepole. Kabla ya mazoezi, mwombe muganga akupime moyo kwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na ekografia (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), na umweleze wazi habari ya mtoto. Ukimwambia tu kwamba unataka kupanda baiskeli, huenda akapima presha na kukuaga. Dada zako na mabinti zako nao waulizie kipimo hiki, hata kama baiskeli hawaitaki.

Hatua ya 2: Mfundishe atakayebaki na mtoto

Mazoezi yatakutoa nyumbani alfajiri, saa ambayo mtoto anahitaji kuinuliwa, kuogeshwa na kupewa dawa. Usimwachie mama mdogo au jirani maagizo ya mdomo. Mwonyeshe, kisha naye afanye mbele yako kwa siku kadhaa.

Kumwinua ndiko kunakowashinda wengi. Mtu humshika makwapani kama anavyomshika mtoto yeyote, lakini mabega ya mtoto wa Duchenne hayana nguvu ya kujikaza: mikono inapanda juu, naye anateleza. Pitisha mkono mmoja mgongoni, chini ya mabega, na mwingine chini ya mapaja karibu na magoti. Mvute mpaka akuegemee kifuani, kunja magoti yako, ndipo usimame.

Kama anatumia prednizoni, dawa ya steroidi inayochelewesha kudhoofika kwa misuli, anaimeza asubuhi baada ya kula, na haikatizwi ghafla, kwa sababu mwili uliozoea dawa hiyo umepunguza kutengeneza homoni yake. Akitapika dawa, apelekwe kwa muganga, isisubiriwe urudi. Kunyoosha vifundo vya miguu jioni kuendelee kama kawaida.

Hatua ya 3: Siku, njia na barua

Siku ya Duchenne duniani ni tarehe 7 Septemba. Imechaguliwa kwa sababu jeni la distrofini lina vipande 79 viitwavyo ekzoni: siku ya 7, mwezi wa 9. Kwetu tarehe hiyo inafaa, mvua zikiwa bado hazijaanza. Chukua Jumamosi iliyo karibu nayo.

Njia ninayoipendekeza ni ya Kipushi, kilomita 30 hivi kwenda, na kurudi kilomita hizo hizo. Likasi ni kilomita 120 upande mmoja, ni mbali mno kwa mzazi anayesubiriwa nyumbani. Barabara ya Kasumbalesa iacheni kabisa: malori ya shaba hayana nafasi ya kumpisha mwenye baiskeli.

Mkiwa kundi, andikeni barua kwa meri (meya wa mji) mapema. Katiba yetu ya Kongo (RDC), kifungu cha 26, inawataka wanaoandaa maandamano barabarani waiarifu serikali kwa maandishi, na polisi wa barabarani akiwasimamisha, karatasi itawasemea. Bakini na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya 4: Baiskeli

Phoenix nyeusi ya mzee inatosha ikiwa breki zinashika. Kaa juu yake, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini: mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Hapo kiti kiko sawa. Kiti kilichoshushwa sana kitakuumiza magoti.

Vumbi la kiangazi hula cheni. Ifute kwa kitambaa kikavu kila baada ya mazoezi, tia tone moja la mafuta kwa kila kiungo, zungusha, kisha futa tena yanayobaki nje. Mafuta yakizidi, vumbi linaganda. Tairi likitoboka, kabla ya kurudisha mpira ndani pitisha kitambaa taratibu kuzunguka tairi lote. Kipande cha chupa kitanasa nyuzi. Usichokitoa leo kitatoboa kiraka chako kesho.

Hatua ya 5: Miguu

Anza mwishoni mwa Juni, siku tatu kwa wiki: siku mbili za kazi, dakika 40 kila moja, na moja ndefu mwisho wa wiki. Ile ndefu ianzie kilomita 15, iongezeke tano kila wiki mpaka 50; kila wiki ya nne punguza, upumzike. Asubuhi za Julai ni baridi, vaa koti. Beba nusu lita ya maji kwa kila saa, ndizi na karanga. Ukikesha na mtoto, usiende siku hiyo, lala.

Hatua ya 6: Eleza ugonjwa

Watu wengi hawajawahi kusikia jina Duchenne. Wanaona mtoto anayeanguka ovyo, mwenye mashavu ya miguu manene, anayejishika mapaja ili asimame, wanasema mvivu, au wanasema amelogwa. Waambie hivi: misuli yake haina distrofini, na msuli bila distrofini ni kama mpira wa ndani unaokimbia bila tairi la nje, kila mzunguko unaujeruhi. Inampata mvulana mmoja kati ya takriban 5,000. Si laana, wala si kosa la mama.

Kisha eleza kwa nini utafiti. Dawa ya kwanza ya kuruka ekzoni, yaani inayoufanya mwili urukie kipande kimoja cha jeni unapolisoma, ni eteplirsen; iliidhinishwa Marekani mwaka 2016, na inalenga takriban watoto 13 kati ya 100, wale ambao kasoro yao iko pahali fulani. Mtoto ambaye jeni lake halijasomwa hawezi kujua kama dawa ya aina hiyo inamhusu. Watoto wetu wakikosekana kwenye madaftari ya wagonjwa, majaribio yatapangwa bila wao. Hilo linaniuma kuliko kilima chochote.

Hatua ya 7: Fedha

Kabla ya kuomba faranga moja, pata barua ya watafiti watakaopokea; anzia Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Barua itaje kazi yenyewe: kusoma jeni, kusafirisha sampuli za damu, kuandikisha wagonjwa. Fedha za matibabu ya mwanao ziwe na daftari lake, zisichanganywe na hizi hata kwa kuazima.

Omba ahadi kwa kilomita. Faranga 500 kwa kilomita 60 ni 30,000, na mtu anaweza kutuma kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Daftari liwe na jina, ahadi, kilichoingia, tarehe, na saini za watu wawili wasio wa nyumba moja. Ndani ya wiki moja baada ya safari, kabidhi fedha, chukua risiti, watumie wachangiaji wote picha yake. Asiyelipa ahadi mkumbushe mara moja kwa upole, kisha mtoe kwenye jumla.