Chesisi ya gari la sloti kwa antena ya redio, spoki na kadi ya benki

Hii ni ya skeli 1:32, vile vigari vinavyofuata mfereji kwenye njia na kula umeme wa volti 12 kutoka reli mbili za pembeni. Chesisi za kununua zipo, ila mi napenda kutengeneza yangu na vitu vya kwa fundi redio na fundi baiskeli, kwa sababu gari kutulia kwenye kona hakutokani na bei ya chuma, kunatokana na ekseli kulala sambamba. Kwingine kote ukikosea kidogo unarekebisha, ekseli zikipinda gari lote limeharibika.

Natengeneza Datsun 240Z, ile iliyobeba Safari Rally 1971, halafu 1973 ikabeba tena ikiwa na Shekhar Mehta, na kwetu hilo gari lina heshima yake. Lile la ukweli kutoka ekseli hadi ekseli ni milimita 2305, gawa kwa 32 unapata 72. Hiyo 72 ndo namba ya kulinda.

Sakafu ni bodi ya saketi tupu, yenye shaba upande mmoja, unene 1.6 mm. Kata na msumeno wa chuma, acha tundu la mota, na tafadhali vaa barakoa na ulowanishe maji wakati unakata maana ule unga ni nyuzi za kioo, sio wa kuvuta.

Sasa antena, hapa ndo penye utamu. Antena ya redio ya kuvuta ni mabomba yanayoingiana, na mengi ni shaba njano iliyopakwa kromu, pima na sumaku, ikinata achana nayo. Chagua bomba ambalo spoki ya baiskeli ya 2 mm inapita na kuzunguka bila kuyumba, kata vipande vinne vya 6 mm, ndo bushi zako, yaani vibomba ambavyo ekseli inazungukia ndani yake. Piga msasa mpaka rangi ya njano itoke kabisa, kromu haishiki risasi ya kuchomea waya, utachoma mpaka usiku na kipande kitabanduka tu. Ekseli ni ile sehemu iliyonyooka ya spoki, ipake oili kabla ya kuchomea risasi isije ikaganda ndani ya bushi.

Usichomee ukiwa umeshika mkononi. Chora mistari miwili iliyoachana 72 mm kwenye karatasi ya grafu, gundisha juu ya ubao, gonga misumari midogo ya kubana ekseli zote mbili, laza bodi, ndo uchomee bushi zikiwa zimevalishwa kwenye spoki zake. Ikipoa zungusha kwa kidole, inatakiwa iteleze yenyewe.

Mota angalia imeandikwa volti 12. Mi ya kwanza niliweka ya gari la kuchezea, ya volti 3, ikaungua hata raundi haijaisha. Gia za plastiki za magari hayohayo zinafaa, pinioni, ile gia ndogo ya kwenye mota, ya meno 9 na gia kubwa ya kwenye ekseli ya meno 27 ni pazuri pa kuanzia.

Ulimi wa kuingia kwenye mfereji unatoka kwenye kadi ya benki iliyokwisha muda. Kadi moja ni 0.76 mm, gundisha tabaka tatu kwa supa gluu unapata kama 2.3, piga msasa kidogo na inateleza vizuri. Pasua ncha ya bomba jembamba la antena, chomeka ulimi, jaza epoksi, halafu bomba linalofuata kwa ukubwa lichomee mbele ya bodi, hilo jembamba linazunguka ndani yake. Za kugusa reli chukua nyuzi za shaba zilizosukwa ndani ya waya wa antena ya TV, na waya zake za kwenda kwenye mota zisiguse shaba ya bodi hata kidogo, utapiga shoti. Au kwangua mstari bodi igawanyike pande mbili.

Mwisho iweke juu ya kioo cha dirisha ikiwa na matairi, bonyeza kila kona. Ikicheza, pasha bushi moja moto tena uisogeze. Bodi la juu, yaani lile umbo la gari, funga skrubu halafu ulegeze nusu mzunguko, litikisike kidogo, utaona mkia unatulia. Gari likiendelea kuruka kwenye kona omba fundi tairi kipande cha risasi ya balansi, gundisha chini katikati, nawa mikono, jaribu tena.