Mnabishania nini hasa?
Kabla hujamjibu usiyemjua mtandaoni, muulize kwanza mnabishania nini: jambo lilivyotokea, sheria inavyosema, au mambo yanavyopaswa kuwa. Mabishano mengi ya siasa hurefuka kwa sababu mmoja yuko kwenye sheria, mwenzake yuko kwenye maadili, na kila mmoja anamwona mwenziwe kiziwi.

Chukua haki ya kumiliki bunduki Marekani. Ukisema Marekebisho ya Pili ya Katiba, ya mwaka 1791, hayamhusu mtu binafsi, utaletewa hukumu ya Mahakama ya Juu ya 2008, kesi ya Heller, iliyosema yanamhusu. Lakini anayeishika hukumu hiyo kudai kila udhibiti ni batili naye hajaisoma hadi mwisho: humohumo majaji walisema haki hiyo ina mipaka. Kama hoja yako ni kwamba sheria ibadilishwe, sema hivyo waziwazi, usijifiche nyuma ya "katiba inasema".

Kwenye teknolojia ni rahisi zaidi: uliza kifaa gani, toleo gani. Mara nyingi ugomvi huishia hapo.

Jibu la hasira liandike kando, ulale kwanza. Ninayo mengi ya aina hiyo, na sijatuma hata moja.